Vumbi linalomeza mwanga wa galaksi, na jinsi linavyopimwa

Mwishoni mwa Januari 2024 zilitolewa picha za galaksi 19 zilizopigwa na darubini ya anga ya James Webb. Ziweke kando ya picha za galaksi zilezile zilizopigwa na darubini ya anga ya Hubble na utashangaa. Pale Hubble ilipoonyesha michirizi myeusi, Webb inaonyesha nyuzi zinazowaka rangi ya chungwa. Maswali yakafuata, na mpaka leo hayajaisha. Picha ipi ni ya kweli? Ile michirizi myeusi ni mashimo? Au kuna mtu amepaka rangi tu?

Picha zote mbili ni za kweli, na kinachoonekana katika zote ni kitu kimoja: vumbi. Hubble, kwa mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, inaliona likiziba nyota zilizo nyuma yake. Webb inaliona likitoa joto ambalo limelipata kutokana na mwanga huohuo. Rangi za Webb, ni kweli, huchaguliwa na watu, kwa kuwa jicho la binadamu haliuoni mwanga ambao darubini hiyo inaunasa, yaani infraredi. Lakini nyuzi zenyewe zipo, na zipo mahali hasa pale zinapoonekana.

Kati ya picha hizo mbili kuna kazi ambayo habari nyingi huiruka, nayo ni kupima vumbi limechukua mwanga kiasi gani kabla haujatufikia. Kazi hiyo hutegemea sana mwanga wa aina ya tatu, ambao Webb haiuoni kabisa: urujuanimno. Nimeona niieleze kwa kirefu, kwa sababu anayetuambia kwamba galaksi fulani huzaa nyota nyingi au chache anakuwa tayari amepiga hesabu ya vumbi, na hesabu ikiwa mbaya, jibu lake lote linapotoka.

Kwanza maneno yenyewe. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi unaoshikiliwa na mvutano wake wenyewe. Galaksi za spirali ni zile zenye umbo la sahani bapa, zenye mikono iliyojikunja kuzunguka kitovu. Njia Nyeupe, tunamoishi, ni mojawapo, na Andromeda, iliyo umbali wa miaka nuru milioni 2.5 hivi, ni nyingine. Urujuanimno ni mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko rangi ya urujuani, yaani chini ya nanometa 400 hivi (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ndio unaochoma ngozi juani. Infraredi iko upande wa pili, ina mawimbi marefu kuliko ya rangi nyekundu, na mwilini tunaihisi kama joto.

Halafu kuna ufifishaji. Hii ni jumla ya mwanga unaopotea njiani, ama kwa kufyonzwa na chembe za vumbi, ama kwa kutawanywa pembeni usifike kwetu. Wanaastronomia huupima kwa magnitudi. Ufifishaji wa magnitudi 1 maana yake ni kwamba asilimia 40 tu ya mwanga imepita. Ukifika 2.5, inapita asilimia 10. Ukifika 5, asilimia 1. Kutoka hapa Duniani hadi kitovu cha Njia Nyeupe ufifishaji wa mwanga wa kawaida hufika magnitudi 30 hivi, maana yake kati ya chembe trilioni moja za mwanga inapita moja tu. Ndiyo maana hakuna darubini ya mwanga wa kawaida iliyowahi kukiona kitovu cha galaksi yetu.

Vumbi hili si lile la barabarani. Chembe zake nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na zimeundwa kwa silikati na kaboni. Huzaliwa katika pepo za nyota zilizozeeka na katika milipuko ya nyota iitwayo supernova, kisha hukua ndani ya mawingu ya gesi baridi. Katika gesi iliyo kati ya nyota, vumbi ni kama asilimia 1 tu ya uzito wote. Limetawanyika mno, lakini mwanga husafiri ndani yake maelfu ya miaka nuru, na kidogo kidogo unaisha.

Kwa udogo wa chembe zake, vumbi hili linafanana zaidi na moshi. Fikiria msimu wa kuchoma mashamba, usiku, unatazama taa iliyo ng'ambo ya bonde. Moshi unaifanya taa ionekane hafifu, na pia unaifanya iwe nyekundu-nyekundu, kwa sababu chembe ndogo huzuia mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Sasa wewe uliye upande huu, ukiona taa hafifu, utajuaje? Taa ni dhaifu, iko mbali, au moshi ni mzito?

Swali hilo liliwapotosha wanaastronomia kwa miaka mingi. Waliipima Njia Nyeupe kwa kuhesabu nyota huku wakidhani nafasi kati yake ni safi. Mwaka 1930 Robert Trumpler, aliyefanya kazi katika kituo cha Lick huko California, alilinganisha makundi ya nyota kwa njia mbili: kwa mwangaza wake na kwa ukubwa wake wa kuonekana. Njia hizo mbili hazikukubaliana. Kadiri kundi lilivyokuwa mbali, ndivyo lilivyokuwa hafifu kupita kiasi. Kitu fulani kilikuwa kinakula mwanga njiani. Kabla ya hapo watu kama Edward Barnard walikuwa wamepiga picha za mabaka meusi angani, na ubishi ukawa iwapo ni mapengo yasiyo na nyota au ni mawingu. Ni mawingu. Moja utaliona bila darubini ukiwa sehemu isiyo na taa nyingi: ni baka jeusi lililo kando ya Salibu, msalaba wa kusini, ambalo watu wengi hudhani ni anga tupu.

Kwa nini urujuanimno

Kadiri mawimbi ya mwanga yalivyo mafupi, ndivyo vumbi linavyoyazuia zaidi. Chukua vumbi la aina ya Njia Nyeupe, lenye kufifisha mwanga wa kawaida kwa magnitudi 1. Mwanga wa kawaida utapita asilimia 40. Infraredi yenye mawimbi ya nanometa 2,200 itapita asilimia 90. Urujuanimno wa nanometa 150 hautafika hata asilimia 10. Vumbi ni lilelile na njia ni ileile.

Kwa hiyo urujuanimno ndio mwanga unaopotea haraka kuliko yote. Huenda ukadhani basi haufai kitu. Lakini ndio pia mwanga unaotolewa kwa wingi na nyota changa zenye uzito mkubwa, ambazo huishi mamilioni machache tu ya miaka mpaka milioni mia moja hivi. Ukiona urujuanimno kwenye mkono wa galaksi, jua kwamba pale nyota zimezaliwa karibuni, kwa kipimo cha maisha ya galaksi. Hakuna njia iliyo wazi zaidi ya kupima kasi ya uzazi wa nyota, na hakuna inayoharibiwa zaidi na vumbi.

Tatizo lingine ni kwamba kutoka ardhini hauonekani. Ozoni inayotukinga ndiyo inayoufunga mlango, kwa hiyo lazima chombo kipande juu ya angahewa. (Kwa sababu ya namna hiyohiyo setilaiti ya kwanza ya kupima miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya Jamhuri ya Kenya, na ikaitwa Uhuru.) Kwa urujuanimno, chombo kilichobadilisha mambo ni GALEX cha Marekani, kilichorushwa Aprili 2003 na kuzimwa Juni 2013. Kioo chake kilikuwa na kipenyo cha sentimita 50 tu, lakini kilitazama eneo pana la anga kwa mara moja, katika mikanda miwili ya mawimbi: wa mbali, kuzunguka nanometa 150, na wa karibu, kuzunguka nanometa 230. Atlasi ya galaksi za jirani iliyotokana nacho ina galaksi 1,034.

Kutafuta mwanga uliopotea

Sasa tufike kwenye hesabu. Nishati haipotei. Mwanga uliofyonzwa na vumbi hulipasha joto, na vumbi, ingawa hubaki baridi mno, hutoa nishati hiyo tena kama infraredi. Basi pima urujuanimno uliofika, pima infraredi iliyotoka kwenye vumbi, kisha jumlisha. Kama nyota changa zilitoa vipimo 100 vya urujuanimno, nasi tumepokea 30, zile 70 zitakuwa zimejitokeza upande wa infraredi. Hapo ufifishaji ni magnitudi 1.3. Ukiangalia ulimwengu kwa jumla, karibu nusu ya mwanga wote ambao nyota na galaksi zimewahi kutoa umepitia njia hii: ulifyonzwa na vumbi ukatoka kama infraredi.

Njia hii naiamini kuliko nyingine nyingi, ila ina kasoro yake. Nyota zilizozeeka nazo hupasha vumbi joto, na joto hilo halihusiani na nyota changa. Ukilihesabu lote, utadhani urujuanimno uliopotea ni mwingi kuliko ilivyo. Katika galaksi za spirali zilizotulia, kasoro hiyo si ndogo.

Tena, kipimo cha infraredi hakipatikani kwa kila galaksi. Ndipo ikaja njia ya rangi. Nyota changa zina rangi inayojulikana katika urujuanimno: mawimbi mafupi hung'aa zaidi. Vumbi linapunguza mawimbi mafupi zaidi, hivyo rangi inasogea kuelekea upande mwekundu, na kiasi cha kusogea hutupatia ufifishaji. Katika miaka ya 1990 Gerhardt Meurer, Daniela Calzetti na wenzao walionyesha kwamba kwenye galaksi zinazozaa nyota kwa kasi kubwa sana, rangi ya urujuanimno huendana vizuri na uwiano wa infraredi kwa urujuanimno. Hesabu ikawa rahisi: pima rangi, pata vumbi.

GALEX ilipozitazama galaksi za spirali za kawaida, hazikufuata uhusiano ule. Kwa rangi ileile, infraredi yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Sababu mojawapo ni umri: galaksi ambayo kasi yake ya kuzaa nyota imepungua ina urujuanimno mwekundu kwa asili hata pasipo vumbi lolote. Aliyetumia kanuni ya galaksi zenye uzazi wa kasi kwenye galaksi ya kawaida aliongeza vumbi ambalo halikuwepo, kisha "akalisahihisha", na akapata nyota changa ambazo hazikuwepo pia.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio unaonivutia kuliko yote. Ukichora mchoro wa ufifishaji dhidi ya urefu wa mawimbi, mstari unapanda kuelekea urujuanimno, lakini haupandi laini. Kwenye nanometa 217.5 una nundu. Iligunduliwa mwaka 1965 kwa vipimo vilivyofanywa na roketi, na tangu wakati huo imeonekana karibu kila upande wa Njia Nyeupe. Kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo ya jirani, nundu hiyo ni dhaifu zaidi katika baadhi ya maeneo. Kwenye Wingu Dogo la Magellan karibu haipo kabisa, na badala yake mstari unapanda kwa ukali sana kwenye mawimbi mafupi.

Angalia matokeo yake. Mkanda wa karibu wa GALEX unaangukia juu ya nundu hiyo. Vumbi la aina ya Njia Nyeupe hufifisha mkanda huo karibu sawa na mkanda wa mbali, kwa hiyo tofauti kati ya mikanda miwili, yaani rangi, karibu haibadiliki. Galaksi inaweza kuwa imepoteza sehemu kubwa ya urujuanimno wake na rangi yake ikabaki kana kwamba haina vumbi. Vumbi la aina ya Wingu Dogo, kinyume chake, huigeuza rangi haraka hata likiwa kidogo. Kipimo cha rangi pekee hakiwezi kukuambia unashughulika na vumbi la aina gani.

Darubini ya urujuanimno iliyo ndani ya setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, imesaidia hapa, kwa kuwa ina kichujio kimoja kinachoangukia juu ya nundu na vingine viwili, kimoja kila upande wake. Mwaka 2019 vipimo vyake vya NGC 628, ambayo ni mojawapo ya zile galaksi 19 za Webb, vilionyesha galaksi yenye ufifishaji unaopanda kwa ukali kuelekea urujuanimno, na nundu ipo lakini ndogo kuliko ya Njia Nyeupe. Tena, maeneo yenye vumbi zito yalikuwa na mstari uliolala zaidi kuliko maeneo yenye vumbi jepesi. Ndani ya galaksi moja, basi, kanuni moja haitoshi.

Mpangilio wa nyota na vumbi

Hapa narudi kwenye bonde lenye moshi. Taa moja nyuma ya moshi ni hesabu rahisi. Galaksi ni bonde lenye taa maelfu, nyingine mbele ya moshi, nyingine ndani yake, nyingine nyuma kabisa, na moshi wenyewe una mabonge na mianya. Taa za mbele na zile zilizo kwenye mianya ndizo zitakazotawala unachokiona, na utadhani moshi ni mwepesi. Kwa sababu hiyo ufifishaji wa nyota moja na upungufu wa mwanga wa galaksi nzima si kitu kimoja, hata kama vumbi ni la aina moja. Wanaouchanganya huishia kubishana juu ya aina ya vumbi wakati tofauti yao ni ya mpangilio.

Ubishi wa namna hiyo ulitokea kweli. Tangu miaka ya 1950 ilidhaniwa kwamba sahani za galaksi za spirali hupitisha mwanga vizuri. Mnamo 1989 na 1990 wanaastronomia kadhaa walidai ushahidi huo hautoshi, na kwamba huenda sahani hizo hazipitishi mwanga kabisa. Njia iliyosaidia kuamua ni nzuri kwa urahisi wake: tafuta galaksi ya spirali iliyosimama mbele ya galaksi nyingine. William Keel na Raymond White waliifanyia kazi tangu miaka ya 1990. Galaksi ya nyuma, hasa ikiwa ni duaradufu laini isiyo na mikono, ina pande mbili zinazofanana. Upande uliofunikwa ungepaswa kung'aa sawa na upande ulio wazi, na pengo kati yake ni kazi ya vumbi. Hakuna haja ya kujua umri wa nyota wala joto la vumbi.

Jozi kama hizo ni adimu. Wananchi wa kawaida waliojitolea katika mradi wa Galaxy Zoo, wakitazama picha moja moja kwenye kompyuta zao, ndio waliowezesha orodha ya jozi karibu 2,000 iliyochapishwa mwaka 2013. Mojawapo ya jozi maarufu, VV 191, ilipigwa picha na Webb na Hubble kwa pamoja na kutolewa mwaka 2022. Mikono ya spirali ya mbele inaonekana kama kivuli juu ya duaradufu ya nyuma. Jozi kadhaa zimepimwa pia kwa urujuanimno wa GALEX.

Jibu lililopatikana liko katikati ya pande zilizobishana. Mikono ya galaksi za spirali huziba mwanga vya kutosha, hasa karibu na kitovu. Kati ya mikono, na kadiri unavyoelekea pembezoni, mwanga hupita kwa urahisi. Vipimo vya urujuanimno na infraredi kwa pamoja vinasema vivyo hivyo: ufifishaji hupungua kutoka kitovuni kwenda nje, sambamba na kupungua kwa elementi nzito ambazo ndizo malighafi ya vumbi.

Kuna hoja mbili ninazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza husema Webb "inaona kupenya vumbi", kwa hiyo habari ya urujuanimno imekwisha. Si hivyo. Infraredi hukuonyesha nishati iliyofyonzwa. Nishati iliyoponyoka haimo humo. Kwenye galaksi yenye vumbi kidogo, au kwenye pembezo za spirali kama M83, ambako GALEX ilikuta nyota changa mbali nje ya sahani inayoonekana kwa kawaida, mwanga mwingi wa nyota hizo ni huo ulioponyoka. Ukiacha kuupima, umeacha hesabu nusu.

Ya pili huchanganya wekundu wa vumbi na wekundu wa umbali. Galaksi inayosogea mbali nasi kwa kupanuka kwa ulimwengu hunyooshwa mawimbi yake yote, na mistari ya elementi katika mwanga wake, yaani alama ambazo kila elementi huacha kwenye mawimbi yake maalumu, huhama. Vumbi halihamishi mstari wowote. Hupunguza tu, zaidi upande wa bluu. Mwenye kipimo cha wigo, yaani mwanga uliotenganishwa katika rangi zake, hawezi kuvichanganya. Mwenye picha pekee anaweza.

Tangu GALEX izimwe, Hubble, Swift na AstroSat ya India, iliyorushwa mwaka 2015, vimeendelea na kazi, ila hakuna kati yao kilichojengwa kupima anga lote kwa urujuanimno. Februari 2024 NASA ilichagua chombo kiitwacho UVEX kifanye hivyo kwa kina kuliko GALEX, na kinalengwa kurushwa mwaka 2030. Kitakuta swali moja kuu bado liko wazi: ile nundu ya nanometa 217.5 husababishwa na nini. Wengi wanaishuku kaboni, ama katika umbo la grafiti, ama katika molekuli kubwa za kaboni na haidrojeni ambazo mng'ao wake Webb inauona kwenye nyuzi zile za NGC 628. Miaka zaidi ya 50 tangu igunduliwe, haijathibitishwa ni ipi.